Ngoma Mia na Kitu za Baba

Juzi niliondoka mkahawani bila kumaliza chai. Ni mkahawa mpya pale Nyeri mjini, wa wale wanaoandika vyakula kwa chaki, na ukutani walikuwa wamepigilia sahani za santuri kwa misumari. Sahani ishirini hivi, nyeusi, zimetobolewa kando ya tundu lao la halali ili zikae sawa kwenye ukuta. Nilimwuliza msichana aliyenihudumia kama anajua ni nyimbo gani zile. "Hizo ni za kupamba tu, madam," akaniambia kwa upole. Nikasimama, nikatoka. Mume wangu alibaki na maandazi mawili na aibu.

Wanasema hasira hasara. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kuchomewa kitu. Mimi hasira yangu nimeishi nayo tangu darasa la pili, nimeibeba kanisani, nimeibeba harusini, nimejifungua watoto watatu nikiwa nayo, na ile misumari iliniamsha yote. Kwa hiyo nisikilizeni, nyinyi wa rika langu mliolelewa katika nyumba zenye santuri, mnaojua kwamba sahani hushikwa kwa ukingo na viganja viwili wala haiguswi usoni.

Baba alikuwa fundi cherehani Ruring'u, pembeni mwa Nyeri mjini. Duka lilikuwa mbele, na sisi tuliishi vyumba viwili vya nyuma. Ujanani alikuwa ameshona nguo Mombasa miaka kadhaa, na aliporudi milimani alikuja na cherehani, Kiswahili cha kule, na kabati zima la sahani za muziki wa watu weusi wa Amerika, soul na blues, alizozipata kwa mabaharia waliomletea suruali za kupunguza. Majirani zetu wote walikuwa watu wa country, muziki wa Wazungu wa Amerika, na wazee wao walikuwa watu wa mwomboko, ile dansi ya Kigikuyu ya kodiani. Baba peke yake ndiye aliyekuwa na watu wa kulia kwa tarumbeta. Walimwona kama mtu aliyerudi na ugonjwa wa pwani, wakamsamehe kwa sababu kola zake zilikaa vizuri.

Mimi aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Nyambura. Ni kawaida kwetu, lakini yeye alilisema kama mtu anayemaanisha. "Maitu, lete kitambaa." Kazi yangu ilikuwa kufuta sahani kwa kitambaa cha flaneli kabla hazijawekwa, kwa mzunguko, kufuata mistari. Nilikuwa na miaka minane na sikuona kazi nyingine duniani yenye cheo kama hicho.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Kantilal alikuwa akija. Ukoo wake ulikuwa na duka la vitambaa mjini, na Baba alianza kumjua kwa kununua kwake khaki ya yunifomu, kisha wakagundua wana ugonjwa mmoja. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuja na sahani zake ndani ya mfuko wa unga ili majirani wasimwulize maswali. Wawili hawa walipendana sana, na sijawahi kusikia watu wakigombana hivyo.

"Fundi, hii soul yako ni blues iliyovaa suti," Kantilal alikuwa akisema.

"Na suti ina ubaya gani? Mimi ndiye ninayeishona."

"Mtu wa blues ako peke yake na gitaa. Hana mahali pa kujificha. Huyu wako ako na tarumbeta sita nyuma. Na tarumbeta sita, hata mimi naweza kuliza watu."

"Sikiza, Kantilal. Mtu wa blues ameshakubali kwamba ameachwa. Ameketi, anajihurumia. Mtu wa soul bado amesimama pale mlangoni anabisha. Mimi namtaka yule ambaye bado anabisha."

Nilidhani wanazungumza juu ya watu wanaowajua. Kusema kweli nilidhani watu wenyewe wamo ndani. Sikuwa mjinga, nilijua sahani ni nyembamba, lakini nilijua pia kwamba Roho Mtakatifu huingia ndani ya mtu bila kumtoboa, kwa hiyo sikuona kizuizi.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa juu ya wimbo mmoja. Karatasi ya katikati ya sahani ilikuwa imechakaa, jina la mwimbaji halisomeki, nao walimwita Mama Kikohozi. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyesimama jikoni mikono kiunoni akimwambia mumewe ukweli. Kabla ya ubeti wa tatu gitaa linanyamaza, mama anavuta pumzi, na badala ya kuimba anakohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu. Halafu anauingia ubeti wa tatu kana kwamba amekasirika kwamba umemsikia.

Kantilal alikuwa na sahani ya wimbo uleule, iliyotolewa baadaye, na fundi wa studio alikuwa amekiondoa kikohozi. Basi waliziweka moja baada ya nyingine, Jumamosi baada ya Jumamosi, na Baba aliinua kidole kimoja sekunde moja kabla ya kikohozi, asikosee hata siku moja.

"Fundi mzuri anakata uzi unaoning'inia," Kantilal alisema. "Wewe mwenyewe unakata."

"Huu si uzi. Huu ni mshono. Ukiukata, nguo inafunguka."

Mimi nilikuwa upande wa Baba, ingawa kwa sababu zangu. Nilidhani yule mama anakohoa kwa ajili ya moshi wa pasi yetu ya makaa, na kwamba kwa Kantilal hakohoi kwa sababu kwa Kantilal kuna umeme. Siku moja nilimwekea kikombe cha chai ya tangawizi kando ya santuri yetu ya betri. Baba alicheka mpaka akashika meza. Kantilal akakinywa kile kikombe, akasema yule mama amemtuma anishukuru.

Sasa neno lenyewe. Baba, kwa Kiswahili chake cha Mombasa, wimbo wowote aliuita ngoma. "Maitu, geuza hiyo ngoma." "Leo Kantilal ameleta ngoma tatu." Mama naye alilichukua: "Baba Nyambura, punguza hizo ngoma zako, mtoto amelala." Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Lakini nyinyi mliozaliwa huku mnajua ngoma ni nini kwa Kigikuyu. Ngoma ni pepo. Ngoma ni kile kitu kinachofukuzwa. Mimi nililijua neno hilo la pili pia, kutoka kwa mahubiri, lakini katika kichwa changu kila moja liliishi kwenye nyumba yake na hayakuwa yamekutana.

Yalikutana kwa sababu ya Kimani, mdogo wangu. Alikuwa na miaka mitatu na alikuwa akikohoa mwaka mzima. Alikohoa akila, alikohoa akilala, alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mama alikuwa amemnywesha kila kitu, asali, vitunguu, dawa ya chupa ya kahawia, mizizi aliyochimba nyanya yetu. Mtoto alikuwa mbavu tupu. Nilisikia majirani wakisema kwamba huyu hafiki Krismasi, na walisema mbele yangu, kama watu wazima wanavyosema mbele ya watoto na mbuzi.

Jumamosi moja asubuhi Baba alikwenda Kutus kupeleka yunifomu za shule. Mama akaita kundi la maombi. Walikuja wanawake watano wakiongozwa na Mama Tabitha, mwenye kitambaa cheupe kichwani, mwanamke ambaye hajawahi kuwa na shaka juu ya jambo lolote. Waliomba kwa Kiswahili. Nyumbani kwao waliongea Kigikuyu, sokoni Kigikuyu, lakini pepo lilikemewa kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu waliamini mapepo yote yanapanda treni kutoka pwani.

Walimwekea Kimani mikono. Kimani akakohoa. Mama Tabitha akafungua macho, akasema, "Kuna kitu kwa hii nyumba. Na mtoto hadanganyi. Nyambura, kuja hapa. Ni nini iko kwenu na haiko kwa nyumba zingine?"

Nilifurahi kuulizwa. Nakumbuka nilifurahi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Ngoma," nikasema.

Mama Tabitha akaniinamia.

"Ngoma?"

"Eeh. Za Baba. Ziko mia na kitu."

"Ziko wapi?"

"Kwa kabati. Alikuja nazo kutoka Mombasa."

"Na huwa zinafanya nini?"

"Zinaimba. Iko moja ya mama mmoja, huyo huwa anakohoa."

Mwanamke aliyekuwa karibu na mlango alishika ukuta. Mimi nilimtazama Mama, nikingoja anisifu kwa kujibu vizuri. Alikuwa amempakata Kimani. Aliniangalia, kisha akaangalia sakafu, na hakusema neno.

Mama Tabitha alisema zitolewe nje. Na nani alisaidia kuzitoa? Mimi. Nilidhani wanataka kuzisikiliza juani. Nilizibeba tatu tatu, viganja kwenye ukingo, bila kugusa mistari, na niliwaonya wale wanawake wasizishike usoni, nao wakanisikiliza, wakazishika vizuri kabisa mpaka kwenye shimo la takataka. Yalipomwagwa mafuta taa ndipo nilipoelewa. Nilimvuta Mama Tabitha nguo, nikamwambia hizo ni nyimbo tu.

"Ndio, mtoto," akasema. "Hivyo ndivyo zinajifanya."

Sahani haichomeki kama karatasi. Inalegea kwanza. Inajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, inatoa mapovu, halafu moshi wake ni mweusi na mzito na unakaa kooni. Wanawake waliimba wakizunguka shimo, na mama yangu alisimama mlangoni na Kimani mgongoni, na Kimani alikohoa kwa ule moshi kuliko siku zote, nao wakasema tazameni, pepo linatoka. Watu wazima watano. Mtoto anavuta moshi wa sahani mia moja, na wao wanapiga makofi.

Baba alifika saa tisa akiwa na Kantilal, aliyempata njiani na mfuko wake wa unga. Walisimama kando ya lile shimo. Kundi lilikuwa limeshaondoka, watu wa kushinda huondoka mapema. Baba aliuliza ni nani aliyesema zichomwe.

"Ni mtoto alisema," Mama akajibu.

"Nilisema ni ngoma," nikasema.

Alielewa papo hapo. Niliona uso wake ukielewa. Alicheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha, akaniambia, "Nyambura, ingia ndani."

Si maitu. Nyambura. Tangu siku ile mpaka alipofariki aliniita Nyambura. Hakunipiga, hakunifokea, alilipa karo yangu yote, alinishonea gauni la harusi kwa mikono yake, na hakuniita maitu tena. Ningependa kuwaambia kwamba nilimwelewa. Sikumwelewa. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili aliyejibu swali. Kama Baba alihitaji mtu wa kumnyima jina, barabara ile ilikuwa na wanawake watano.

Jumamosi iliyofuata Kantilal alikuja na sahani moja tu, ile yake ya Mama Kikohozi, akamwambia Baba aichukue, iwe yake. Baba aliiweka. Gitaa likanyamaza, Baba akainua kidole, na yule mama akaingia ubeti wa tatu akiwa safi kama mtu wa kwaya. Baba akaondoa sindano, akairudisha sahani ndani ya mfuko, akampa mwenyewe.

"Fundi, ni mwanamke yuleyule," Kantilal akasema.

"Siye," Baba akasema.

Waliendelea kuuziana khaki, lakini Jumamosi zikaisha. Santuri ikawa mahali pa kuwekea mabobini ya uzi.

Na Kimani? Kimani aliendelea kukohoa miezi mingine miwili, hadi Mama alipombeba mwenyewe hadi hospitali, na daktari kijana akauliza swali moja: "Huyu mtoto analala wapi?" Alilala chini ya meza ya kukatia nguo, juu ya mabaki ya vitambaa, katika vumbi la sufu na khaki, na pasi ya makaa ikivukiza juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu ilikuwa hivyo hasa. Wakamhamishia chumba cha ndani, wakampa dawa, akapona. Leo ana mwili wa mchezaji wa raga na hakumbuki chochote. Lakini Mama Tabitha alisimama kanisani akatoa ushuhuda jinsi walivyoifukuza roho ya kikohozi kutoka kwa nyumba ya fundi, na watu wakasema amina, na mimi nilikuwa nimekaa safu ya nne nikisikia.

Siku hizi kanisa lile lina gitaa la besi, ngoma za kizungu na spika kubwa kuliko kabati la Baba. Mjukuu wa Mama Tabitha ndiye anayepiga kinanda. Nilikwenda pale kwa mazishi, nikamsikia akiongoza sifa, na ninyi mnaojua muziki huu mngejua kama nilivyojua: ilikuwa soul tupu, kuanzia mkono wa kushoto mpaka mwisho, mpaka yule kijana anavyochelewa kidogo nyuma ya mpigo. Bibi yake alikuwa safu ya mbele, mkono juu, akitokwa na machozi. Nilitaka kumwendea nimwulize kama hiyo anaisikia vizuri.

Kwa miaka mingi hasira yangu ilikaa kwake. Kisha siku moja, nikipiga pasi mashati ya watoto wangu, nikaisikia sauti ya Mama kichwani: Baba Nyambura, punguza hizo ngoma zako. Nikaiweka pasi chini. Mama alilijua lile neno. Alilitumia kila Jumamosi. Katika chumba kile alikuwa mtu mzima pekee aliyejua ninasema nini, na angetamka sentensi moja tu, mtoto anamaanisha nyimbo, na mambo yangeishia hapo. Aliangalia sakafu. Halafu Baba alipouliza, akasema ni mtoto.

Tangu siku hiyo nilimkasirikia kimyakimya, kwa simu fupi na zawadi za Krismasi za haraka. Juzi, kutoka kwenye ule mkahawa wenye misumari, nilikwenda moja kwa moja hadi Giakanja anakoishi sasa. Nilimkuta uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Sikuketi.

"Mama, ile siku ya ngoma za Baba. Wewe ulijua ninamaanisha nyimbo."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nilimwambia yote niliyowaambia nyinyi. Nilimwambia juu ya jina maitu. Nilimwambia kwamba aliniacha nibebe lawama yake kwa miaka yote hii, na kwamba Baba amekwenda kaburini akiamini ni mimi. Nilipaza sauti mpaka jirani akachungulia. Mama aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, moja moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kimani alikuwa anakohoa mwaka mzima. Nikiambia baba yako tupeleke mtoto hospitali, ananiambia Jumatatu. Jumatatu ikifika, kuna yunifomu. Lakini Jumamosi hapakuwa na yunifomu. Jumamosi ako hapo na Muhindi wake, wamenyamaza kabisa wasikie mwanamke wa Amerika akikohoa. Siku moja Kimani akakohoa hapo hapo, pahali huyo mwanamke anakohoa. Ulikuwa hapo. Unakumbuka baba yako alifanya nini?"

Nilikumbuka. Sikutaka, lakini nilikumbuka. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha flaneli.

"Alirudisha sindano nyuma," nikasema.

"Alirudisha sindano nyuma. Akaniambia nitoe mtoto nje, ndio wasikie vizuri." Aliupepeta ungo mara mbili, maganda yakaruka. "Sasa Tabitha alipokuuliza ni nini iko kwa hii nyumba, na wewe ukasema ngoma, mimi niliona umesema ukweli."

Nilienda Giakanja nimemkasirikia mtu mmoja. Nilirudi nimewakasirikia wawili, na mmoja wao siwezi tena kumwuliza kitu.